Salamu Kwanza, Hesabu Baadaye

Mtu mwenye haraka zake hutoka Mji wa Kale akafika Bondeni chai aliyoinywa ikiwa bado i moto tumboni. Mwanabaraka Taib hakuwa mtu huyo. Alitoka kwao mapema, wauza mahamri ndio kwanza wanabandika karai motoni, na bado siku nyingine alifika shuleni kengele ishalia. Si kwamba alikuwa mvivu wa kutembea. Ni kwamba njia nzima ile imejaa watu, na kila mtu ana hali yake, ana mamake, ana goti linalomsumbua, na vyote hivyo sharti viulizwe. Amwamkue muuza kahawa, amuulize seremala jicho la mkewe linaendeleaje, ampe pole bibi mmoja ambaye paka wake alipotea tangu Ramadhani. Ukimwambia afupishe, atakutazama kana kwamba umemwambia atoke kichwa wazi.

"Salamu ni sunna," husema, "lakini kuitikia ni faradhi. Faradhi haiachwi kwa ajili ya kengele."

Kazi yake ilikuwa kusomesha hesabu katika shule moja ya wasichana huko Bondeni, na alizisomesha kwa njia yake. Wengine walianza na ubao, yeye alianza na sinia. Watu ishirini na wanane wamekuja arusini, wanakula wanne wanne, sinia ngapi? Saba, na hakuna aliyebaki amesimama. Haya, wamekuja kumi na watatu. Waketishe wawili wawili, watatu watatu, wanne wanne, hata sita sita: kila mara atabaki mmoja kando, mikono ameshaosha na hana sinia. "Hiyo ndiyo namba isiyogawika," angesema, "na huyo mmoja ndiye baki." Msichana aliyepita mikononi mwake alikuwa hasahau kugawanya maishani, ila kila akigawanya alisikia njaa.

Basi katika mwaka wa tisini na sita shule ile ilikuwa na kompyuta. Nasema ilikuwa nayo kama vile mtu anavyokuwa na sahani za kabatini. Kampuni moja ya meli ilinunua mashine mpya ikatoa za zamani, na moja ikafika kwa mwalimu mkuu, Maalim Ubaid, mzee nadhifu wa kanzu na koti, aliyeipenda siku ya kwanza kama aliyepata mjukuu. Akaiweka ofisini mwake. Mkewe akaifumia kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa akaweka gilasi yenye mawaridi ya plastiki. Mgeni akija, mawaridi yaliondolewa, kitambaa kikafunuliwa, mgeni akasema mashaallah, kitambaa kikarudishwa. Kuiwasha? Ya nini kuiwasha? Itachoka.

Jambo hilo lilimchoma Mwanabaraka moyo. Likizo mbili nzima alikuwa amekwenda mjini kujifunza kuandika programu, akilipa kwa mshahara wake mwenyewe na kuketi na vijana waliomwita mama. Alijua mashine ile yaweza kufanya nini. Kila alipoingia ofisini kuomba chaki na kuyaona mawaridi yale, aliondoka amenuna.

Ndipo ikatangazwa kwamba kutakuwa na mashindano ya programu kwa shule za sekondari, ya wanaoanza tu: maswali matano ya hesabu, wanafunzi watatu kwa kila shule, kompyuta moja. Mwanabaraka aliusoma mwaliko ule akaenda moja kwa moja ofisini. Yaani moja kwa moja kwa mwendo wake: alimwamkua kwanza Maalim Ubaid, akamuulizia mkewe, watoto, pumu ya dadake, na mvua ya kule shambani.

"Alhamdulillahi, wote wazima," alisema Maalim. "Sasa wataka nini, Bi Mwanabaraka? Maana pumu ya dadangu hujaiuliza mwaka huu."

"Nataka kompyuta, Maalim."

Maalim akaweka mkono juu ya kitambaa. "Ukaifanye nini?"

"Wasichana waitumie. Iwekwe darasani, isomeshewe."

"Darasani! Na vumbi la chaki? Na hawa watoto, mmoja kashika andazi, wa pili kashika mwenziwe?" Akafikiri, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wivu tu. "Sikiza. Nitakupa kila Jumamosi asubuhi, hapa hapa, nami niko. Uwende nao mashindanoni. Wakipata japo swali moja sawa, japo moja, mashine yatoka hapa yaenda darasani, na mbele za walimu wote nitasema. Wakirudi mikono mitupu, nisiulizwe tena habari ya kompyuta maadamu ni mwalimu mkuu."

"Nimekubali," alisema Mwanabaraka, na papo hapo akaanza kuhesabu miaka, kwa sababu Maalim alikuwa na afya njema na kustaafu kulikuwa mbali.

Akachagua watatu. Aida wa Mji wa Kale, mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto, aliyeona makosa ya hesabu kabla hayajaandikwa. Priscah, ambaye babake alitoka Kaloleni akaja kufanya kazi bandarini, na ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Na Mapenzi, binti wa mshonaji, mwenye vidole vyepesi; huyo ndiye angepiga chapa.

Jumamosi waliketi mbele ya mashine huku Maalim Ubaid ameketi nyuma yao, akishtuka kila kitufe kikibofywa. Siku nyingine zote hawakuwa na mashine, kwa hivyo Mwanabaraka aliwafanya wao wenyewe mashine. Aliwatoa uani baada ya masomo pamoja na wenzao. Aida ni kisanduku cha kwanza, ana kibao chenye namba mkononi. Mapenzi ni kisanduku cha pili. Priscah ndiye programu: atembee kutoka kisanduku hiki hadi kile, achukue namba, ajumlishe, atoe, agawe, aangalie baki, na baki ikiwa si sufuri arudi alikotoka aanze tena. Ikifika wakati wa kurudi, uwanja mzima ulipiga kelele "Rudi!" hata mwuza ukwaju aliyekuwa nje ya ukuta akaingia kuangalia nani kafukuzwa.

Hapo ndipo salamu zilipojipenyeza. Siku moja Priscah alimwendea Aida akasema, "Nipe namba."

Aida akakikumbatia kibao. "Hivyo tu? Hata sabalkheri hakuna?"

"Mimi programu!"

"Hata kama. Namba zangu si za kunyang'anywa."

Wenziwe wakacheka, Mwanabaraka akacheka kuliko wote, akapangusa machozi kwa ncha ya buibui lake. "Mwanangu umesema kweli," akasema. "Mtu haombi kitu kabla ya salamu." Tangu siku hiyo visanduku viliamkuliwa. Na Jumamosi iliyofuata, bila ya kuambiwa na mtu, Mapenzi alipiga chapa programu yao ya kwanza iliyokamilika, na kabla haijamuuliza mtu namba ilimwandikia SABALKHERI. Ukijibu ALKHERI, ilikuuliza watu wa nyumbani hawajambo. Ukijibu HAWAJAMBO, ndipo ikaomba namba. Usipojibu, ilikuamkua tena, na tena, hadi uone haya.

Mwalimu mwenye akili timamu angeifuta hapo hapo. Mwanabaraka aliisifu. Aliwaonyesha hata wanafunzi wengine jinsi ile "rudi" ilivyowekwa mahali pake, na kweli iliwekwa vizuri. Akawaambia kuwa wasichana wake si wa kwenda mbele za watu na mashine isiyo na adabu. Hapo alikosea, nami simtetei. Alikosea kwa mapenzi, na makosa ya namna hiyo ndiyo magumu kuyaona.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Kilikuwa chuo kimoja kisiwani, feni zinazunguka bila kuleta upepo, kompyuta zimepangwa kwenye meza ndefu. Walimu walikaa nyuma ya kamba. Wakuu wa shule waliwekewa viti mbele, kando ya meza ya majaji, na Maalim Ubaid alikuwamo, kanzu imepigwa pasi ikakauka kama ubao, hata ungeweza kuikalia. Msimamizi alisoma masharti. Mwalimu akitaka maji aende mezani kule mbele akanywe. Akimsemesha mwanafunzi au akisema lolote la hesabu, shule yake inatoka.

"Na salamu?" aliuliza mwalimu mmoja.

"Salamu ni salamu," alisema msimamizi. "Amkuaneni. Mimi sina ugomvi na mamazenu."

Swali la kwanza lilikuwa lile lile la sinia: upewe namba, useme inagawika au haigawiki. Mwanabaraka alipoliona limeandikwa ubaoni, moyo ulimruka kwa furaha. Wasichana wake hawakuchukua muda. Mapenzi alipiga chapa, Aida akaangalia, Priscah akainua mkono kumwita jaji.

Jaji wao alikuwa Bwana Kazungu, kijana wa tai fupi, mwenye orodha ya namba za siri na meza nyingi za kuzungukia. Hakuketi. Aliinama akaandika 91.

Mashine ikamjibu: SABALKHERI.

Kazungu akatazama karatasi yake, akaandika tena 91.

MWENZETU, TWAKUAMKUA. SABALKHERI.

"Hii nini?" aliuliza Kazungu. Wasichana wakamtazama kwa subira, kwa maana hawakuruhusiwa kumwelekeza jaji, na pia kwa maana waliona haya kwa niaba yake. Akaandika 91 mara ya tatu, akaamkuliwa mara ya tatu, akapiga alama ya mkasi kwenye fomu yake. "Programu haipokei namba. Si sahihi. Mnaweza kujaribu tena wakati haujaisha."

Nyuma ya kamba, Mwanabaraka aliishika kamba kwa mikono miwili. Aliona kila kitu, na alielewa papo hapo kosa lilikuwa la nani. Wafute ile mistari ya juu tu! Wafute, basi! Hesabu iliyo chini yake ni nzima kabisa. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Kule mezani, shauri lilikuwa limewaka, kwa sauti za chini ambazo hata hivyo zilifika.

"Tuziondoe salamu," alisema Priscah. "Yule hana wakati."

"Tuziondoe?" alisema Aida. "Na Mwalimu yuko pale atutazama? Afadhali tumsaidie jaji. Huenda hajui kuitikia, si kila mtu alilelewa."

Basi wakaongeza. Badala ya kupunguza wakaongeza! Chini ya SABALKHERI wakaandika TAFADHALI JIBU ALKHERI. Kazungu akaja, akasoma, akavuta pumzi, akaandika ALKHERI, akatabasamu kidogo kwa ushindi. Kisha akaulizwa watu wa nyumbani hawajambo, akaandika 91, na mashine ikamuuliza tena watu wa nyumbani. Alama ya mkasi ya pili.

Shule nyingine zilikuwa zinapiga makofi. Wavulana wa meza ya jirani walikuwa na maswali mawili tayari. Maalim Ubaid alisogea kwenye kiti chake akaitazama meza ya wasichana wake, na usoni mwake, Mungu amsamehe, palikuwa na kifaraja kidogo. Mwanabaraka alikiona kifaraja kile. Aliiona kompyuta ikikaa ofisini mpaka ioze, na wasichana wengine wakija na kuondoka wakiwa wamebeba vibao uani. Akamtazama Aida, aliyekuwa ameketi wima kama alivyofundishwa, anangoja jaji apate adabu. Mtoto yule hatazifuta salamu. Hatazifuta kwa kuwa anampenda mwalimu wake. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Akainuka, akavuka kamba, akaelekea kwenye meza ya maji.

Njia ilipita mbele ya majaji. Mmoja alimjua tangu utoto. "Bi Mwanabaraka, habari za asubuhi?" Mwanabaraka akapita. Hakutikisa kichwa, hakuweka mkono kifuani. Mwalimu Winnie wa shule ya jirani alikuwa pale anakunywa maji, akasema, "Mwanabaraka, hujambo mwenzangu?" Mwanabaraka akamimina maji bila kumtazama. Ukumbi ulianza kugeuza shingo, maana walimu wa kisiwani wote walimjua.

Maalim Ubaid akadhani hajasikia. Akainua sauti, ile sauti ya gwarideni. "Asalaam aleikum, Bi Mwanabaraka."

Salamu ile ilimpata mbavuni. Jibu lilikuja lenyewe hadi kwenye meno, kama linavyokuja kwa mtu yeyote aliyelelewa, naye akaliuma. Akamtazama Maalim usoni, akanywa maji yake yote, akaweka gilasi, akageuka, akarudi zake. Alijua alichofanya. Mtu aliyevunjiwa heshima mbele za wakuu wa shule wenzake ndiye aliyeshika kompyuta.

Mezani, Mapenzi alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Hakuitikia," alinong'ona Aida, macho yamemtoka. "Maalim kamsalimu, naye hakuitikia. Mwalimu mgonjwa?"

Priscah alikuwa anamfuata Mwanabaraka kwa macho, kutoka kwa jaji hadi kwa Winnie hadi kwa Maalim, kisanduku baada ya kisanduku. Mara akapiga meza. "Si mgonjwa. Atwambia! Watatu wamemwamkua, wote kawaruka. Futa, Mapenzi! Futa salamu zote, iulize namba tu!"

"Lakini..."

"Aida, Mwalimu kajitia aibu kwa ajili yetu. Wataka aende tena?"

Aida akalia kidogo, kisha yeye mwenyewe akaonyesha kwa kidole mistari ya kufutwa, maana hata katika machozi hakutaka Mapenzi akosee. Kazungu aliitwa mara ya tatu. Alikuja kwa miguu mizito, akaandika 91 huku amefumba jicho moja. Mashine ikasema: INAGAWIKA, 7 MARA 13. Akaandika nyingine, ikajibu. Nyingine, ikajibu. Alipoinua kalamu akaweka alama ya sahihi, Mwanabaraka alikaa chini taratibu.

Hawakuchukua kombe. Muda mwingi ulikuwa umekwenda kwa kuulizia watu wa nyumbani. Wavulana wa meza ya jirani walishinda, na wasichana wa Bondeni walirudi na maswali mawili sahihi kati ya matano, na cheti cha karatasi ngumu.

Mwanabaraka alimkuta Maalim Ubaid langoni. "Waleikum salaam, Maalim," alisema.

"Salamu ya asubuhi yaitikiwa adhuhuri?"

Akamweleza yote, hakuficha kitu. Maalim alisikiliza huku ametazama barabara ya Makadara. "Kwa hivyo," akasema mwishoni, "ulinivunjia heshima mbele za watu ili wao wafute mistari miwili."

"Ndiyo, Maalim."

"Na ulijua naweza kukasirika nikasema mashine haitoki?"

"Nilijua. Niliogopa sana. Lakini wangerudi mikono mitupu wakidhani ni wajinga, na mjinga nilikuwa mimi."

"Niliahidi swali moja. Wameleta mawili. Jumatatu yatoka," alisema Maalim Ubaid, akaenda zake bila ya kwaheri.

Alitimiza. Jumatatu mbele za walimu wote alitangaza, na Menza mlinzi akaibeba mashine hadi darasani huku Maalim akimfuata hatua kwa hatua akimwambia polepole. Lakini kwa Mwanabaraka alikuwa bubu. Kila asubuhi alimwamkua, na kila asubuhi Maalim alipita kama anayetafuta kitu alichopoteza mbele. Mwanabaraka alipata kompyuta aliyoitaka miaka yote, wasichana wakagombania zamu hadi wakakaliana mapajani, naye alifurahi. Na bado kila akiamkua asiitikiwe, siku nzima ilikuwa na mchanga ndani yake. Hakujua kuwa kunyamaziwa kunauma kiasi kile.

Siku moja somo likiendelea Maalim aliingia, akavuta kiti akakaa mbele ya mashine, akakohoa. "Priscah. Nami nataka kuuliza namba."

"Haya, Maalim. Bofya hapa." Priscah akasita, akamtupia jicho Mwanabaraka. "Maalim, ile ya salamu tunayo bado. Niiweke, au nikuwekee ya mashindano?"

"Weka ya salamu. Kwani mimi jaji?"

SABALKHERI, ikasema mashine. Maalim akatafuta herufi kwa kidole kimoja, moja moja, darasa zima limemzunguka, hata akamaliza ALKHERI. Ikamuuliza watu wa nyumbani. Akajibu. Ikaomba namba.

"Ishamaliza?" akasema Maalim, amekasirika kweli. "Na dadangu mwenye pumu hakuulizwa?"

Mwanabaraka aliangua kicheko, cha kumtoka bila ruhusa, akajishika kwenye dawati. Maalim alijitahidi kubaki na uso wake wa kununa, mashavu yakamtetema, akashindwa. Akageuka kitini.

"Sabalkheri, Bi Mwanabaraka," akasema.

Akaitikia kabla Maalim hajafunga mdomo, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, kisha akamuuliza pumu.